Mstari wa Penseli wa Kilimani

Ijumaa tarehe 30 Juni, mpangaji wa njia za maji safi na maji taka wa wilaya yetu atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Faili lina jina lake kamili. Sisi tunamwita Mzee Penseli, na siku hizi hata barua za wananchi zinakuja kwa jina hilo.

Jina lilitokana na ramani iliyojaza ukuta wa chumba namba nne, kati ya dirisha lisilofungika na kabati la chuma. Bomba lililopangwa tu alilichora kwa penseli. Wino wa buluu ulisubiri mpaka yeye mwenyewe aende kwenye bomba la mwisho kabisa, anywe kikombe kimoja. Mkandarasi alete vyeti, mkurugenzi apige simu, wino hautoki. Kwa maji taka alitumia wino wa kahawia. Hayo, alieleza, inatosha kusimama kando ya chemba na kuyasikia yakipita.

Alipoajiriwa, bomba lilikuwa moja, la hospitali. Leo mistari ya buluu imefika vijiji ishirini na sita, na bado nyumba zinaota kama uyoga.

Kosa lake hakulificha. Kila mgeni kazini alisimuliwa. Mwaka wake wa tatu alipima mteremko wa bomba la maji taka kuanzia alama aliyoipaka kwenye ngazi ya shule. Akaenda likizo. Fundi mwashi akaiinua ngazi ile kwa tofali moja, na kwa adabu zake akaipaka upya alama juu yake. Mzee akarudi, akamalizia upimaji kwa alama ileile bila wasiwasi. Wiki ya kwanza maji taka yakarudi yalikotoka. Alibisha hodi nyumba kumi na tisa kuomba radhi, kisha akashika sepeto pamoja na vibarua.

Mstari mmoja haujapata wino: wa kwenda kilimani alikozaliwa, anakoishi dada yake mkubwa. Ameufuta na kuuchora mara kumi na moja, hadi karatasi imeota manyoya. Kila mwaka palitokea pengine penye watu wengi zaidi, na hesabu aliyowapimia wageni ndiyo aliyowapimia ndugu zake. Mganga hajigangi, tulimtania. Siku moja dada alishuka mwenyewe, akamwekea ndoo tupu mezani: "Haya, mdogo wangu, wilaya nzima inakusifu. Mimi nikusifu kwa shingo ipi, hii iliyopindishwa na ndoo?" Ofisi nzima ilicheka, na yeye akacheka. Dada aliondoka, ndoo akaiacha. Mpaka leo iko chini ya ramani, tunatia humo michoro iliyokunjwa.

Mwaka huu zamu ya kilima imefika. Mabomba yamelala kando ya barabara. Zimebaki mita mia tisa za kuchimba, na mwenzetu anastaafu kabla hazijaisha. Tulimwomba auweke wino tu, nani angemlaumu? Alichonga penseli, akaupitia mstari taratibu kutoka tangi hadi mlango wa dada, akasimama pale kitambo. Sisi ambao njia ya kurudi vijijini kwetu iliziba kwa majani zamani hatukumharakisha. Kisha kalamu ya wino akaitia ndani ya ndoo.

Jumamosi anahamia kilimani. Dada ana miaka sabini na minane; atakuwa na wa kupokezana naye ndoo.

Ahsante, Mzee Penseli, kwa kila bomba lililotoa maji, na kwa hilo tofali moja lililotufundisha kupima mara mbili. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zenye mteremko mzuri. Kalamu yako hakuna atakayeigusa. Maji yakifika tutapanda na vikombe viwili: dada atakunywa kwanza, wewe utafuata, halafu tutashuka pamoja hadi chumba namba nne. Ukuta unakusubiri.