Mzee Msabaha Abdulswamad na Fimbo Zake Mbili (1953–2025)

Mzee Msabaha Abdulswamad, tunayemsindikiza leo Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, alizaliwa Dunda, Bagamoyo, tarehe 3 Machi 1953. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Abdulswamad Mahmoud na marehemu Bi Zaina Ishaka. Mama yake alikuwa akisema kuwa mwanawe alianza ubishi tumboni, maana mkunga alishatangaza mtoto wa kike, naye akatoka wa kiume. Tabia hiyo hakuiacha hata siku moja.

Alisoma Kurani chuoni hapa hapa mtaani na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa imla. Mwalimu alipomchapa kwa kuchora samaki pembezoni mwa daftari, alitaka kujua kosa ni kuchora au ni kuchora vibaya. Akaongezewa viboko viwili.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika karakana ya boti za faiba jijini Dar es Salaam, akafanya kazi humo miaka thelathini na minne. Mwaka 1981 fundi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akirudi kwao, alimwachia fimbo yake ya kuvulia, nayo ya faiba, rangi ya asali, akamfundisha na kuitumia. Uvuvi huo hauna chambo wala risasi ya kuzamishia mshipi. Ndoana hufungwa manyoya ya jogoo yafanane na dagaa, kisha mshipi mnene hurushwa nyuma na mbele mpaka manyoya yatue majini taratibu. Wavuvi wa soko la samaki walidhani amerukwa na akili, hadi alipowatokea na kolekole wa kilo sita.

Alifunga ndoa na Bi Zuwena Maulidi wa Kiwangwa tarehe 14 Mei 1983. Siku ya kupeleka posa alikwenda na fimbo yake, kwa kuwa hakumwamini mtu wa kumwachia. Mzee Maulidi aliitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, umekuja kuoa au umekuja kutuangulia mapapai?" Wazee walicheka, naye Msabaha pamoja nao, mpaka barua ya posa ikasahaulika juu ya mkeka. Bi Zuwena, aliyekuwa akichungulia dirishani, alisema baadaye kwamba aliyeweza kucheka namna ile akichekwa ndiye aliyemtaka.

Baada ya kustaafu mwaka 2008 alirudi Bagamoyo, akawa anatengeneza boti na fimbo za watu. Hapo ndipo fimbo za kaboni zilipomkuta. Alizijua vizuri na hakuzisingizia. Alikiri kuwa ni nyepesi, ni ngumu, na hutupa mshipi mbali. Lakini ukiigonga kwenye ukingo wa boti, inaingia ufa usiouona, kisha inakatika siku ya samaki mkubwa. Ya faiba ni nzito na haina haraka. Inapinda mpaka kwenye mshikio, na mwenye pupa haimtii. "Mpe nafasi ainame kwanza," aliwaambia wanafunzi wake, kana kwamba fimbo ni mtu.

Mwaka 2019 mwanawe Mahmoud, mwalimu kule Ubena, alimletea zawadi ya fimbo ya kaboni, mpya kabisa. Mzee aliipokea sokoni mbele za watu, akaipima mkononi, akasema, "Ahsante, baba. Hiki kijiti kitafaa kuchomea mishikaki." Soko zima liliangua kicheko. Mahmoud naye alicheka, ila tangu siku hiyo hakwenda tena kuvua na baba yake Jumamosi kama walivyozoea. Fimbo ikawekwa juu ya kabati. Jambo hilo lilimuuma Mzee, na kila alipotaka kulisema, ubishi ulimtangulia mdomoni.

Novemba 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mahmoud alikuja kila Ijumaa kumnyoosha mkono na kumwogesha, na habari ya fimbo haikutajwa. Mkono ulipopata nguvu kidogo, faiba ilikuwa nzito mno. Ndipo Mzee alipomwambia mkewe, "Bi Zuwena, niteremshie kile kijiti." Kila Jumanne, Mahmoud akiwa darasani, alipanda bajaji hadi ufukweni na fimbo ya kaboni. Mkesha wa Idi el-Fitri ya mwaka huu alimvua kolekole. Mahmoud alimla kwa wali wa nazi, akalamba vidole, akasema, "Baba, faiba ni faiba!" Mzee aliinamisha kichwa, akaomba ndimu.

Alifariki dunia nyumbani kwake jana, Jumatano, baada ya swala ya Alasiri. Ameacha mjane, Bi Zuwena, watoto watatu, Adila, Mahmoud na Somoe, wajukuu saba, na dada yake, Bi Sophia.

Ni ada yetu kumwombea marehemu radhi kwa aliowakosea. Mzee aliandaa maneno yake mwenyewe mwezi Mei, akamtamkia binti yake Adila, anayesoma wasifu huu, na kumwapisha asimwambie mtu kabla ya leo. Alisema hivi: "Mwanangu Mahmoud, nilikudhalilisha mbele za watu, basi nakuomba radhi mbele za watu. Kolekole wa Idi nilimvua kwa fimbo yako. Ni fimbo nzuri. Ilinirudisha baharini nilipodhani basi tena. Nisamehe, baba."

Hapa watu hujibu kwa pamoja, "Tumemsamehe." Leo familia inawaomba mnyamaze kidogo, Mahmoud ajibu kwanza. Akishajibu, sote tuitikie amina: Mola amrehemu baba yetu na ampumzishe kwa amani.