Binti Aliyebaki Bandarini Semarang

Ndugu waombolezaji, mimi Hendrawan, mtoto wake wa kwanza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, Oei Kiem Nio, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1936 huko Ambarawa, hapa hapa kisiwani Java, binti mkubwa wa Mzee Oei Tjoen Hok, muuza vitambaa, na mkewe Tjoa Sien Nio.

Alisoma shule ya Kichina ya hapo hapo Ambarawa hadi mwaka 1952, akafundisha darasa la kwanza, na tarehe 14 Juni 1958 akafunga ndoa na marehemu baba yetu, Liem Bing Siong, fundi saa wa hapa Salatiga, wakajaliwa watoto watatu.

Miaka hiyo Peking na Jakarta zilikuwa zikivutana juu ya watu wetu, Wachina wa Indonesia, waliohesabiwa raia wa huku na kule, hata zikapatana kwamba kila mtu achague upande mmoja, na babu, ambaye duka lake la kijijini lilikuwa limefungwa kwa amri ya kuwakataza wageni biashara, akachagua China, nchi asiyowahi kuiona, naye Mama, akiwa na mimba yangu, akasimama mbele ya hakimu akaukana uraia wa China.

Novemba 1960, bandarini Semarang, wazazi wake na mdogo wake Swan wakipanda meli ya kwenda China, bibi alimwambia, "Kiem, nimekuzaa mwenyewe, leo hakimu ndiye wa kuniambia wewe si wa kwetu?" Swan akamtania huku analia, "Mwacheni Mjava huyo na tempe yake ya soya, atatufuata tu!"

Mwaka 1967 serikali hizo mbili zilivunja uhusiano, barua zikakoma, na kwa miaka mingi Mama alikataa kuiweka picha ya bibi kwenye meza ya wahenga, zinakowekwa picha za marehemu, akisema, "Simziki mtu aliye hai."

Uhusiano uliporudi, alisafiri mwaka 1992 hadi Guangdong, kwenye shamba la serikali walikopelekwa waliotoka huku, ambako Swan na wenzake huitwa Waindonesia, kama sisi hapa tunavyoitwa Wachina, akaambiwa bibi alifariki mwaka 1974. Swan alimwambia, "Dada, siku za mwisho alinidhania mimi ni wewe, akawa anafurahi, sikumsahihisha."

Aliugua moyo tangu mwaka 2007, akafariki tarehe 3 Septemba 2009, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akimwita mama yake kwa Kijava.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika tangu juzi, na walimu wenzake wa zamani.

Mama, huko uendako hakuna wa kukuuliza u raia wa wapi, nenda kwa mama yako, upumzike kwa amani.