Mguu Usiokuwepo

"Hivi mama, umewahi kuumwa na mguu usio nao?" mwanajeshi mstaafu alimuuliza mshonaji aliyeketi naye kwenye basi la kutoka hospitali. Mguu mmoja wa suruali ya mwanajeshi ulikunjwa, ukabanwa pini gotini.

"Makubwa! Wanautibuje?"

"Wananiwekea sumaku kichwani, inagongagonga."

"Mguu uume, kichwa kigongwe!" Mshonaji alicheka, kisha akajuta. "Inasaidia?"

"Ilianza. Nikapata usingizi. Leo daktari kaja na magwanda, nyota mabegani. Kuniuliza hali tu, nikakakamaa: 'Nimepona, afande!' Nafasi yangu ya matibabu kapewa mwingine."

Jeshi lilimstaafisha mtu. Ulimi ukabaki kazini.

"Baba wee! Si urudi umwambie?"

Basi likasimama. Mzee alishika magongo, asiinuke.

"Nilitaka kumwambia bado unauma," akasema.