Kadi Mbili Alizogeuza Genivaldo Pessanha

Genivaldo Rangel Pessanha alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 huko São Fidélis, mtoto wa nne wa wakata miwa. Alisoma hadi darasa la nne tu, kwa sababu panga la miwa ndilo lililoleta maharage nyumbani.

Mwaka 1984 alihamia Macaé, akaajiriwa kushika mabomba kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini. Siku kumi na nne alikaa juu ya maji yenye kina cha zaidi ya kilomita moja, siku kumi na nne nyumbani. Tarehe 19 Mei 1990 alimwoa Marlúcia. Nchi kavu hakupata usingizi bila mngurumo, mpaka mkewe awashe feni, hata Julai na baridi yake.

"Wee mwanamume, umeoa mke au umeoa jenereta?"

"Jenereta haigombi," alimjibu, akageukia ukutani acheke.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Adelmo Barcelos, baba wa ubatizo wa binti yake Rosileia, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

Kule baharini kila mtu ana kadi yenye jina lake kwenye ubao, kando ya boti ya kuokolea. King'ora kikilia, unakwenda kuigeuza. Zote zikishageuzwa, hesabu imetimia, hakuna anayetafutwa. Kila Jumapili saa nne na nusu asubuhi kililia kwa mazoezi, wakati waliotoka zamu ya usiku ndio kwanza wamelala. Kwa hiyo wawili hawa waligeuziana kadi, ingawa ukikamatwa unafukuzwa siku hiyo hiyo.

"Kesho unigeuzie, kaka, nimechoka kama punda," Adelmo alimwomba.

"Lala, mzee. Ukikoroma nitakusikia mpaka kwenye boti."

Jumapili, tarehe 17 Juni 2001, king'ora kililia kwa saa ile ile. Genivaldo akageuza kadi mbili. Hayakuwa mazoezi, moto ulikuwa umeshika nyaya chini ya vyumba vya kulala. Msimamizi akatazama ubao, akasema, "Wote wapo." Genivaldo aliuona moshi. Akawaza kazi yake, akajiambia Adelmo atakuwa ameamka, yuko nyuma ya watu. Akanyamaza. Alipokuja kusema, "Simwoni Adelmo," ilikuwa imechelewa. Adelmo alikutwa ngazini, miguu mitupu.

Taarifa ikasema marehemu alifika, akageuza kadi yake, kisha akarudi ndani kufuata vitu. Mtaani wakacheka: "Kafa kwa ajili ya saa ya mkononi." Genivaldo hakusema neno. Kwa miaka ishirini na moja aliziba paa la mjane wa Adelmo, Ivonilde, na kila Krismasi akala keki yake ya mahindi.

"Shemeji, hivi alirudi kufuata nini?"

"Sijui, shemeji. Niongezee kahawa."

Machi mwaka huu wa 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Tarehe 29 Septemba, sauti ikiwa imebaki ya kunong'ona, alimweleza Rosileia yote, naye akimnyonyesha mwanawe kando ya kitanda.

"Yaandike, uyasome siku ya mazishi yangu. Ivonilde akiwepo."

"Baba, mwambie mwenyewe. Nimlete?"

"Naona aibu, mwanangu."

Rosileia naye aliona aibu. Siku nane alipishana na Ivonilde sokoni akijifanya anamfunika mtoto, asije akasimamishwa. Genivaldo alifariki jana, Ijumaa tarehe 7 Oktoba, saa tisa alasiri.

Leo asubuhi Rosileia alikwenda kwa Ivonilde. Alisikilizwa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakurudi kufuata kitu."

"Hakurudi, mama. Alikuwa amelala."

"Na mimi miaka yote hii naigombeza picha yake." Ivonilde alitazama juu, kwenye paa lililozibwa vizuri. "Kasome. Soma kwa sauti, na hao wa saa ya mkononi wasikie. Ila usiandike kwamba nimemsamehe. Andika kwamba nilikuja."

Amekuja. Amekaa benchi la tatu.

Genivaldo ameacha mjane, Marlúcia, binti, Rosileia, mkwe, Edvanir, na mjukuu mmoja wa miezi saba, ambaye jina alimchagulia yeye: Adelmo.

Adelmo Barcelos hakurudi kufuata kitu. Genivaldo Pessanha, ulichokibeba tumekitua hapa mbele ya watu. Lala sasa.