Jioni Waliyomwitikia Bibi Penina

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu Bibi Penina Ndahani alisimama uani akasema ubeti mmoja kwa sauti, kisha akawauliza kuku, "Mmesikia?" Sisi wajukuu tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa kwenye mazoezi.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1957 huko Makutupora, mtoto wa tatu wa Mzee Yohana Ndahani. Alianza shule mwaka 1966, akatolewa darasa la nne kwa sababu mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji wa kuwapikia. Kusoma hakuacha. Gazeti lililofungiwa sukari alilisoma kwanza, ndipo sukari itumike.

Kazi yake ilikuwa zabibu. Tangu 1975 alipogoa mizabibu, akafunga matawi na kuvuna kwenye mashamba ya watu, hadi mwaka 1994 alipopata ekari yake mwenyewe. Humo shambani ndimo alimotunga mashairi. Hayakuwa na vina. Siku moja harusini alianza kughani, wazee wakamkatisha, "Penina, hayo ni maongezi, siyo shairi." Akasema, "Basi ongeeni na mimi." Wakageukia sahani zao. Tangu hapo alitaka jambo moja, na hakulificha: watu wasio ndugu zake wamwitikie shairi lake mpaka mwisho.

Tarehe 9 Desemba 1978 aliolewa na Mzee Ernest Mazoya. Babu mashairi hakuyajua, lakini kila Bibi alipovuta pumzi yeye aliitika "Ehee!", hata akiwa anakamua ng'ombe. Babu alifariki mwaka 2011. Ndipo zamu ikawa ya kuku.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Dawa alikunywa bila kukosa. Machi mwaka huu kijana Kefa, mwanafunzi wa chuo kikuu kishiriki kimoja hapa mjini, alikuja kununua zabibu, akamsikia pale uani, akamwalika kwenye jioni ya mashairi chuoni kwao. Binti mkubwa wa Bibi, Lydia, alikataa.

"Mama, daktari kasema usijichoshe."

"Mwambie na yeye aje. Viti vipo."

Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, baada ya saa moja jioni, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa chuo. Ameacha watoto watatu, Lydia, Joel na Restuta, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Mungu ampe mahali pazuri pa kupumzika. Lakini tusimzike kama mtu aliyeshindwa, maana jioni ile alishinda, na sisi tuliomsindikiza tuliona.

Alipanda jukwaani na kitenge kipya. Alipomaliza ubeti wa kwanza, wanafunzi wakapiga vidole ukumbi mzima. Bibi akawakazia macho. Kwake yeye, vidole hupigwa kumharakisha mtu.

"Mmenichoka mara hii? Haya, nashuka."

Akageuka kweli. Kefa akamkimbilia. "Hapana, Bibi, samahani! Hapa ndivyo tunavyosifu."

"Kusifu gani huko? Midomo mmeiacha bwenini?"

Wakacheka. Naye akawaambia, "Huko kwetu mtu akighani peke yake anaonekana mgonjwa. Mimi nasema, nyie mnaitika: Tupo!"

"Mvua imekatika Januari?"

"Tupo!"

"Ndege wamemaliza uwele?"

"Tupo!"

"Wakisema hili si shairi?"

Hapo walisimama wote, na walimu wao, na mlinzi wa mlangoni akaacha mlango. "Tupo! Tupo!"

Alighani mpaka neno la mwisho, na aliposhuka hawakutaka kunyamaza.

Lydia akamshika mkono. "Umechoka, Mama?"

"Nimeshiba. Ngoja nipate hewa kidogo. Wewe baki uitike, usiniangushe."

Akakaza kitenge chake, akapita katikati ya viti huku vijana wakimpa shikamoo kushoto na kulia, naye akiwajibu mmoja mmoja. Akafika mlangoni, akatoka, na nyuma yake ukumbi ulikuwa bado unaitika.