Hotuba ya Daraja Chini ya Kuba la Dhahabu

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa la Lyle, hapa Elk Ford, jimbo la Iowa, upande usiopigwa na upepo wa mashambani. Ukipita asubuhi utatukuta wanne, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Yupo Verlyn, tunayemwita Profesa kwa kuwa ana miwani ya kusomea na nyingine ya kubishania. Yupo Orville, yaani Ghala, maana tumbo lake linameza mavuno ya tarafa nzima. Yupo Marlys, yaani Kinanda, anayepiga kinanda kanisani na kuongea kwa sauti ileile. Na mimi, Breki, kwa sababu ya uendeshaji wangu. Asubuhi hiyo tulikuwa tumenuna. Jana yake tulikwenda Des Moines, kwenye Jumba la Jimbo, kuiomba kamati isifunge daraja letu la mtoni. Majira ya baridi yaliyopita gari la wagonjwa lilipita juu ya daraja hilo na Ardis, mke wa Profesa, moyo umemgomea, likamwahisha hospitali, akapona. Ndiyo maana tulimchagua Profesa atusemee. Kamati haikusikia hata neno moja.

— Mwenye kosa ni Breki, Ghala alianza, mdomo umejaa donati. Trekta zilitupita barabara kuu, bwana! Trekta!

— Mwenda pole hajikwai, nikajitetea.

— Hajikwai, lakini pia hafiki.

— Tulifika mapema! Kinanda akang'aka. Aliyetuponza ni wewe, Ghala, na kisu chako. Walinzi wanasema visu haviingii, wewe unatoka kwenda kukifukia kwenye maua ya serikali kama mbwa na mfupa!

— Kisu cha marehemu baba kile, Kinanda. Ningekiacha mezani kwa watu nisiowajua?

— Na sasa kiko wapi?

Ghala akatafuna polepole.

— Maua yako mengi pale. Yote mekundu.

Tukacheka, isipokuwa Profesa. Alikuwa bado amevaa suti yake ya mazishi, kana kwamba hakulala.

— Jamani, nikasema, tuliharibu pale kwa yule jamaa wa koti la buluu.

— Lakini mtu ana beji! Ghala akasema. Anakwambia, "Karibuni, nifuateni." Utafanyaje?

— Utamuuliza anakwenda wapi.

— Mbona hukumuuliza?

— Nilikuwa natazama dari.

Sote tulikuwa tunatazama dari. Sisi ni watu wa mahindi. Kitu kirefu tulichozoea ni ghala la nafaka, na hilo halijachorwa malaika ndani. Tulipoinua macho kwenye lile kuba, midomo ikabaki wazi. Yule wa buluu akatupandisha ngazi ya marumaru, sisi nyuma yake kama vifaranga, tukiamini anatupeleka kwenye kamati. Kila mlango tulijikohoza na kuweka tai sawa.

— Penye wengi hapaharibiki neno, Kinanda akasema.

— Tulikuwa wanne, neno likaharibika!

— Basi tulikuwa wachache.

Ghala akajifuta sukari kidevuni.

— Nimeshalielewa lile jengo. Kuba lile ni faneli iliyopinduliwa. Malalamiko ya mkulima yanaingia chini, yanapanda, yanatokea juu kwenye kitundu. Wakubwa hawasikii kitu. Wanaosikia ni njiwa.

— Si kuba, ni sakafu, Kinanda akasema. Marumaru ina baridi. Inaanzia kwenye soli, inapanda magotini, ikifika kichwani umeshasahau ulichofuata. Wameijenga makusudi!

— Na dhahabu ya juu inavuta saa, nikaongeza, nisiachwe nyuma. Yangu ilirudi nyuma.

— Saa yako haina betri tangu mavuno, Breki.

Ndipo Profesa akaweka kikombe chini.

— Semeni tu. Aliyeharibu ni mimi.

Kila mmoja alikuwa anakikwepa kisa hicho tangu jana.

Yule wa buluu alikuwa ametufikisha kwenye roshani ya ukumbi wa wabunge. Chini viti vitupu. Pembeni yetu darasa la watoto wa shule waliotangulia. Akageuka akauliza, "Kuna mwenye swali?" Profesa akadhani ndiyo zamu yake. Akavua kofia, akaiweka kifuani: "Mheshimiwa Mwenyekiti." Akaieleza barafu ya usiku ule, taa nyekundu zikija darajani, mkono wa Ardis ukipoa ndani ya mkono wake. Akasema hatuombi barabara mpya wala sanamu, tunaomba njia ya kuvukia tu. Alipomaliza, watoto wakapiga makofi mpaka roshani ikarindima. Mwalimu wao alikuwa anafuta macho. Yule wa buluu akamshika Profesa begani, akasema kwa upole, "Asante sana, mzee wangu. Sasa twendeni tukaone maktaba."

Tulipokipata chumba cha kamati, kikao kilikuwa kimekwisha, watu wanapanga viti.

— Nilisema vibaya? Profesa akauliza.

Kinanda, ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue, akatazama barabarani.

— Ulisema vizuri, Verlyn. Nilitamani Ardis awepo asikie.

Profesa akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wakati huo akatokea Tereza, mpeleka barua mpya, mwezi wake wa kwanza hapa kwetu. Akampa Lyle barua zake, akasimama kutusikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Kura imeshapigwa?

— Bado. Wiki ijayo.

— Sasa huzuni ya nini? Mpigieni simu mbunge wenu, mzee aseme yaleyale. Anaitwa nani?

Ghala akaacha kutafuna. Mimi nikachungulia kikombe changu.

— Ni yule… wa miwani, Kinanda akasema.

— Huyo ni yule mwongoza wageni aliyetutembeza! nikasema.

Tereza alingoja, kalamu mkononi. Profesa akainuka, akanyoosha koti, akaingia dukani kuuliza. Kupitia kioo tulimwona Lyle akijikuna kichwa, kisha akimgeukia mteja mwenye ndoo ya rangi, na mteja akiweka ndoo chini ili apandishe mabega yote mawili.