Stoo Safi ya Bi. Rukaiya na Kome wa Dada Yake

Miaka thelathini na minne si mchezo! Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Rukaiya Hemedy Chinguile, mtunza stoo ya dawa wa kituo chetu cha afya hapa Nachingwea, anakabidhi funguo na kustaafu. Alianza mwaka 1991 katika zahanati moja kule Nandagala, Ruangwa, akahamia kwetu 1998, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga stoo na viatu. Hata mganga mfawidhi huviacha mlangoni.

Ni mama wa kujipanga. Dawa ya kupaka wanaoungua na utomvu wa korosho huwa tayari kabla mkorosho haujaangusha bibo hata moja. Na ulimi wake, lo! Ukimwomba panadoli bila karatasi ya daktari, utaondoka kichwa kikiuma zaidi.

Mwaka 2011 alipewa cheti cha stoo safi kuliko zote wilayani, akakitia fremu. Siri ya usafi ule tuliijua wote. Kila masika, dawa zilizokwisha muda, hasa vidonge vya uzazi wa mpango, zilimwagwa kwenye korongo nyuma ya kituo. Maji yanazipeleka mtoni, mto unazipeleka baharini, kwisha habari.

Mwaka 2016 akaja mtafiti, Leonard, akiufuata mto kutoka Lindi. Alitueleza ukumbini kwamba kome wa pale mto unapoingia baharini, wale viumbe wa gamba wanaookotwa kwa mboga, wanashindwa kuzaa sawasawa. Madume yana dalili za kike, na majini amekuta masalia ya dawa za uzazi wa mpango. Akauliza nani anatupa. Tukaangalia dari, nami nikiwamo. Bi. Rukaiya akasimama, akasema ni yeye, akataja mpaka idadi ya maboksi.

Hakuhofia kazi tu. Dada yake, Saada, ameolewa Lindi na amesomesha watoto wanne kwa kuokota kome palepale. Miaka mitatu alikuwa akilalamika kwamba anapata wakubwa tu, wadogo hawaonekani, na Bi. Rukaiya akimtania kwamba uzee umemharibu macho. Siku ileile alimpigia simu, akamwambia ukweli. Saada akakata. Miezi miwili hakupokea, na mwenzetu akakonda tukamwona. Cheti akakigeuza, kikatazama ukuta. Idd ilipofika, Saada alipiga mwenyewe, kuuliza tu kama wameacha.

Walikuwa wameacha. Leonard alimwambia kwamba dawa hutoka sehemu nyingi, si kwake pekee. Akajibu kwamba za wengine hazijui, zake anazijua. Akaweka sanduku la chuma lenye kufuli mbili, na hakuna kidonge kinachotoka humo ila kwenda kuchomwa kwenye tanuri maalumu. Akapanda bodaboda mpaka Mnero na vijiji vyake, kuuliza watu dawa zao wanazitupa wapi. Huko akagundua kwamba mtu akifariki, wengi hutupa dawa zake mtoni ili ugonjwa uende zake. Basi hakukosa arobaini! Dua ikiisha, anaulizia mfuko wa dawa za marehemu. Watu wakamcheka kwamba huyu hakufuata pilau, kafuata vidonge. Siku hizi wanamletea wenyewe.

Wiki iliyopita Saada alituma picha kwa simu: kiganja chake, na juu yake kome saba wadogo kama punje za mbaazi. Chini ameandika kwamba amewarudisha majini. Leonard anasema picha moja si utafiti. Sawa, bwana. Lakini Bi. Rukaiya, ambaye hatukuwahi kuliona chozi lake, alilia mbele ya foleni ya wagonjwa, nasi tukalia naye. Kesho yake tulikuta fremu imegeuka, inatutazama. Cheti hakimo. Kimo kiganja cha Saada.

Asante, Bi. Rukaiya, kwa kusimama siku ile wengine tulipoangalia dari. Nenda kwenye mikorosho yako kwa afya na furaha, na Mungu akupe miaka mingi ya kula kome wa dada yako. Stoo umetuachia safi, na safari hii safi kweli.

Goreti Selestini, muuguzi